Kiuno, Figo na Haja Ndogo: Habari za Maneno ya Wagonjwa katika Nchi ya Meru

Katika majina ya viungo vya mwili hakuna lililohamishwa mahali pake kama neno figo. Mtu wa nchi ya Meru, awe Mmeru wa Nkoaranga au Mwarusha wa Ilboru, ameziona figo tangu utoto wake, maana alisimama karibu mbuzi au ng'ombe alipochinjwa. Ni mbili, zimefunikwa mafuta, zimelala huku na huku ya uti wa mgongo, nusu zikiwa zimefichwa chini ya mbavu za mwisho. Lakini mtu huyo huyo akiinuka jioni baada ya kupalilia migomba, hushika kiuno chake akasema, "Figo zanisumbua." Na siku zile figo zake zilipoharibika kweli kweli, hazitaji kabisa, kwa sababu hazimwumi. Huenda akasema viatu vyambana, au chakula hakina ladha tena, au jirani amemroga.

Wala kosa hili si la maneno tu. Mtu aaminiye kwamba kiuno ni figo huenda dukani akanunua vidonge vya kutuliza maumivu, kama diklofenaki na aibuprofeni, akavimeza kila siku miezi mingi. Na vidonge hivyo, vikitumiwa hivyo, ni katika vitu viharibuvyo figo. Basi ugonjwa alioutaja bure humjia kweli. Kwa ajili hiyo imefaa kutafuta kosa hili limetoka wapi, na kueleza ni maneno gani ya mgonjwa ambayo mwalimu au mchungaji, aitwapo kuwa mkalimani au aulizwapo shauri, imempasa kuyasikia kuwa habari ya figo zenyewe.

Neno lenyewe ni la asili ya Kibantu. Wakikuyu husema higo, na wenye elimu ya lugha wameliona kwa sura iliyo karibu na hiyo katika lugha nyingi za jamaa hii. Kamusi za zamani za Kiswahili zina neno la pili, nso, ambalo Wazulu wanalo hata leo kwa maana hiyo hiyo. Lakini wasomaji wa Maandiko watakumbuka jambo la ajabu kidogo. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, kiungo hiki huitwa figo katika sheria za dhabihu za Mambo ya Walawi. Bali katika Zaburi ya 7 na katika Yeremia sura ya 17, Kiebrania kitumiapo neno lile lile kwa maana ya siri za ndani ya mtu, Kiswahili kimeweka viuno. Sisemi watafsiri wamekosa. Mnyama wa dhabihu hupasuliwa, figo zake zikaonekana. Mwanadamu hapasuliwi, nacho kionekanacho kwake kwa nje ni kiuno. Ndivyo asemavyo na mgonjwa: huweka kidole chake mahali pafikiwapo na mkono.

Maneno mengine ya ugonjwa yalipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya pembe, nayo yana ukoo mwingine. Matabibu wa Unguja na Mombasa walifuata elimu ya Wayunani iliyohifadhiwa na kukuzwa na Waarabu na Waajemi, ambayo hufundisha kwamba mwili husimama kwa mchanganyo wa majimaji manne, na wa joto na baridi, unyevu na ukavu. Alama za elimu hiyo zingali katika vinywa vyetu. Tusemapo baridi yabisi kwa maumivu ya viungo, twasema neno kwa neno baridi na ukavu. Balghamu ni mojawapo ya yale majimaji manne. Na safura ni Kiarabu cha nyongo ya manjano. Abu Ali ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake cha Kanuni mafundisho marefu juu ya mkojo, jinsi ya kutazama rangi yake, uangavu wake, uzito, mashapo, povu na harufu. Tabibu wa elimu hiyo huinua chupa penye mwanga kwanza, ndipo anena.

Majina, basi, yalifika bara, lakini chupa haikufika pamoja nayo. Hiyo ndiyo hasara kubwa, nionavyo mimi. Neno safura likawa kwetu jina la kila mtu aliyepauka na kuvimba uso. Siku hizi vitabu vya afya huliweka kwa ugonjwa wa minyoo inyonyayo damu matumboni. Mtoto aliyevimba kwa sababu ya figo huitwa mwenye safura, hupewa dawa ya minyoo, na wazazi wake hungoja uvimbe ushuke.

Aliyeunganisha uvimbe na figo ni Richard Bright, tabibu wa hospitali ya Guy's huko London. Mwaka 1827 alichapisha habari za wagonjwa wake waliokufa hali wamevimba. Alitia mkojo wao katika kijiko, akakishika juu ya mwali wa mshumaa, nao ukaganda mweupe kama ute wa yai uwekwapo motoni. Alipowafungua baada ya kufa alikuta figo zao zimeharibika. Kijiko na mshumaa! Hakuna zahanati ya Meru iliyokosa vitu hivyo, wala haikuhitaji hekima ya kupita kiasi kuvitumia. Leo kazi hiyo hufanywa na kikaratasi kichovywacho katika mkojo, kikabadili rangi. Sababu yake ni hii: figo ni chujio la damu, nalo chujio zima huizuia protini isipite, likitoboka, protini huvuja, na maji hutoka katika mishipa yakakaa chini ya ngozi. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii husema mkojo wake una povu lisilozimika, nao walio nyumbani kwake husema huamka na uso mnene, hasa chini ya macho, kisha kutwa uso hupungua na miguu hujaa. Mwenye moyo mgonjwa mara nyingi huanza miguuni, tena hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Swali la "Uvimbe waanza wapi, na saa ngapi?" ni jepesi, nalo hufaa sana.

Kuna watu wawili wenye uvimbe ambao hawafai kungojeshwa hata siku moja. Wa kwanza ni mtoto aliyeumwa koo, au aliyekuwa na upele uliotunga usaha, kisha baada ya majuma mawili au matatu, wakati mama yake amekwisha kusahau vidonda vile, akaamka uso umevimba na mkojo wake ni mchache, wa rangi ya chai. Mama atasimulia uvimbe tu. Habari ya upele yapasa aulizwe. Wa pili ni mwanamke aliyepita nusu ya mimba yake, ambaye uso na mikono yake yavimba, kichwa chamwuma, na macho yaona ukungu. Huyo yu karibu na kifafa cha mimba, na mkojo wake mara nyingi huwa na protini ile ile ya kijiko cha Bright.

Juu ya mkojo wenye damu Waswahili hawakukosa neno. Kichocho kilijulikana sana Unguja, Pemba, pwani ya Tanga, na katika nchi za Ziwa pande za Mwanza. Mdudu wake alionekana kwanza na Theodor Bilharz huko Kairo mwaka 1851, na mwaka 1915 Robert Leiper akaonyesha, huko huko Misri, kwamba hukaa kwanza ndani ya konokono wa maji. Alama yake ni damu itokayo hasa mwisho wa kukojoa, pamoja na kuchomwa, naye mgonjwa aweza kutembea na kucheza kama kawaida. Mahali penye kichocho kingi wavulana wameidhania damu hiyo kuwa dalili ya kukua tu. Lakini vijito vya Meru ni baridi, vyashuka kwa kasi, na konokono wa kichocho cha kibofu hapendi maji ya namna hiyo. Mtu wa mlimani akojoaye damu, naye hajapata kuoga katika maziwa na madimbwi ya nchi za joto, asipewe jina la kichocho kwa haraka. Tena msomaji asichanganywe na jina la Arusha Chini: mahali hapo pako tambarare kusini ya Moshi, penye mashamba ya miwa, na kichocho kilichojulikana katika mifereji yake ni cha tumbo, kionekanacho katika choo kikubwa.

Ugonjwa mwingine wa rangi uliletwa katika habari za nchi na Wadachi, nao ni homa ya mkojo mweusi. Robert Koch, mtaalamu mkuu wa vijidudu, alifika Dar es Salaam mwaka 1897, na mwaka 1898 akaandika juu ya homa hiyo, akisema kwamba kwinini yenyewe ndiyo iletayo. Wengi walimpinga. Leo yajulikana kwamba chembe nyekundu za damu huvunjika ndani ya mishipa, hasa kwa mtu mwenye malaria aliyetumia kwinini mara kwa mara bila taratibu, na rangi yake hupita katika figo ikazidhuru. Mgonjwa hutetemeka, macho huwa manjano, na mkojo hutoka kama kahawa nzito. Hatari kuu haikuwa weusi huo. Mkojo uliokuwa mweusi lakini mwingi ulitia tumaini. Uliopungua siku kwa siku hata ukakoma ulikuwa habari ya mauti. Baada ya vita vya 1939 hata 1945, klorokwini ilipochukua mahali pa kwinini, homa hiyo ikawa nadra, na vijana wengi wa leo hawajasikia jina lake. Lakini swali lake halijapitwa na wakati: mtu mwenye homa, au aliyehara na kutapika sana, aulizwe amekwenda haja ndogo lini. Akijibu "tangu jana asubuhi sijaenda", basi safari ya hospitali imekwisha kuchelewa.

Sasa tuje kwenye maji ya Meru yenyewe, maana hapa nchi ina ugonjwa wake ambao pwani haikuwa na jina lake. Wenyeji, kama matabibu wa zamani, waliyaita maji kwa kuyatazama. Ngare Nanyuki ni Kimasai, maana yake maji mekundu. Maji ya Chai ni mto wenye rangi hiyo. Lakini kilicho kibaya ndani yake hakina rangi wala harufu, nacho ni floraidi, itokayo katika mawe ya mlima uliowaka moto zamani. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kisichozidi miligramu 1.5 katika lita moja; baadhi ya mito na chemchemi za pande hizi zapita 10. Kwa miaka mingi kanuni za Tanzania, kwa kukosa maji mengine, zilivumilia miligramu 8, baadaye 4. Magadi yatiwayo katika makande na kiburu ili maharagwe yaive upesi huwa nayo pia. Mwaka 1931 ndipo kemia ya Marekani ilipoonyesha kwamba madoa ya meno ya namna hii hutoka katika maji. Watu wa Meru, wenye meno ya hudhurungi tangu utoto, hawakuambiwa upesi. Huko Ngurdoto kilianzishwa kituo cha kutafuta njia za kuiondoa, na mkaa wa mifupa ya ng'ombe umeonekana kuweza kuinasa.

Je, maji haya huua figo? Sithubutu kusema hivyo, wala asiseme mwalimu mbele ya darasa. Lililo hakika ni hili: floraidi iliyoingia mwilini hutolewa hasa na figo kwa njia ya mkojo, iliyobaki huingia mifupani, na figo zikiwa dhaifu, hubaki nyingi zaidi. Tena aliyeyanywa maji hayo mazito miaka mingi aweza kukakamaa mgongo asiweze kuinama. Mzee huyo atasema ana figo, na jirani yake atasema ni baridi yabisi. Wote wawili watakuwa wameutaja ugonjwa wa maji kwa jina la kuazima, na ndoo ya kisimani itaendelea kuchotwa.

Nimesema figo mara nyingi huwa kimya. Mwaka 2014 watafiti walipima watu wazima 481 katika nchi jirani ya Kilimanjaro, wakakadiria kwamba watu 7 katika 100 wana ugonjwa wa figo wa siku nyingi. Mjini walikuwa 15 katika 100, mashambani 2 tu. Wachache sana kati yao walikuwa wakijua. Kisukari na shinikizo la damu, yanayoenea pamoja na maisha ya mjini, ni katika visababishi vikuu vya ugonjwa huu pande zote za dunia, na Arusha ni mji uliokua upesi. Mtu wa namna hii haumwi kiuno. Kwanza huona kiu na haja nyingi, kama ana kisukari, au huamka usiku mara nyingi. Miaka hupita. Kisha huchoka, hupauka, ngozi humwasha pasipo upele, asubuhi hutaka kutapika, kinywa chake huwa na ladha ya chuma. Hata mwisho akili yake huvurugika, na ndugu hutafuta mganga. Na dawa za mizizi ni hatari nyingine. Kimasai huita mti na dawa kwa neno moja, olchani, nayo ni hekima ya watu wajuao pori lao. Lakini supu ya mizizi isiyojulikana kipimo chake ni mzigo mkubwa kwa chujio lililokwisha kutoboka.

Yako maumivu yaliyo ya figo kweli, na imefaa kuyatenga na yale ya jembe. Maumivu ya kiuno cha kazi huzidi mtu akiinama, hupungua akilala. Maumivu ya figo yenye uchafu huwa juu zaidi, ubavuni kwa nyuma, upande mmoja mara nyingi, pamoja na homa, kutetemeka, na haja ya mara kwa mara yenye kuchoma. Maumivu ya jiwe huja kama mawimbi, yakishuka toka ubavuni hata kinenani, na mgonjwa hagai-gai asiweze kutulia popote. Mwenye mgongo wa kulima hutulia, maana akijitikisa huumia.

Linabaki jambo la adabu, ambalo ni gumu kuliko yote. Hakuna mtu mwenye heshima atajaye mkojo mbele za watu. Husema haja ndogo, au haja tu, na abiria wa basi husema wanakwenda kuchimba dawa. Basi mgonjwa asemaye "haja inakataa" hajasema ni ipi, na mkalimani mwenye haya akipokea neno hilo bila kuuliza, mgonjwa hupewa dawa ya kuharisha kwa kibofu kilichojaa hata kuuma. Kisonono nacho kina aibu zaidi, ingawa ndani yake mtu husikia neno kusononeka. Wenye nacho hupendelea kusema wana figo, na mabinti wenye uchafu wa kawaida wa kibofu hunyamaza wasije wakadhaniwa kuwa nacho.

Kwa Waarusha kuna enkanyit, yaani heshima inayopanga nani aseme nini mbele ya nani. Binti wa mtu wa rika ya mzee ni binti wa mzee mwenyewe. Akiwa ndiye mwuguzi, akamwuliza mzee juu ya sehemu zake za siri, mzee atajibu kwamba ni mzima, naye atakuwa ameshika adabu yake. Katika mambo hayo ni heri aulizwe na mwanamume, tena faraghani, pasipo mkwewe kusimama mlangoni. Wala asiulizwe kama anaumwa. Aulizwe habari ya usiku: "Baba, usiku waamka mara ngapi kwenda nje? Ukifika nje, inaanza mara moja au unaingoja? Inatoka kwa nguvu kama zamani, au matone? Ukirudi kulala, wajisikia umemaliza?" Mzee mwenye tezi dume iliyokua atayajibu yote manne bila kutaja kiungo hata kimoja. Na majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa Kimasai au Kimeru, ndipo tafsiri ya Kiswahili iwekwe chini yake, ili tabibu aone mgonjwa alisema kiuno, na neno figo lilitiwa na nani.